Plasta Iliyofungwa Kinyume

Watoto ndio waliompa jina la Mama Plasta, na jina ulilopewa na watoto halitoki hata ulisugue kwa jiwe. Alikuwa muuguzi aliyeisomea kazi yake akaijua, mwanamke wa makamo mwenye mabega ya mtu anayebeba wana wa wenzake kutwa nzima. Jua likishapanda kidogo tu, nyusi zake zilikuwa zimeingia weupe wa vumbi, na wenzake wa chumba cha chanjo hawakumwacha salama.

"Mama Plasta, umetoka kusaga? Tugawie na sisi huo unga."

"Leteni hiyo midomo niifunge bandeji," alikuwa akijibu, "kliniki ipate kupumua."

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, mahali ambapo kilio cha sindano kinaishia na kilio cha plasta kinaanzia. Humo mlikuwa na sinki pana, ndoo, kitanda cha kimo cha kiuno kilichotandikwa mpira, na rafu ya pamba na bandeji zilizopakwa unga wa plasta. Kazi yake ilikuwa kunyoosha miguu ya watoto waliozaliwa nyayo zimegeukia ndani. Unaushika mguu ungali laini, unausogeza kuelekea unakotakiwa, kidogo tu, kiasi ambacho mtoto hakilalamikii. Kisha unauviringishia pamba, na juu ya pamba plasta, kuanzia vidoleni hadi pajani, ukae hapo wiki nzima. Wiki ikiisha unafunguliwa, unasogezwa tena, unafungwa tena. Mwenyewe alisema anabembeleza mifupa, na mfupa ukibembelezwa mapema unasikia.

Katika kazi hiyo alikuwa na sheria moja, na wote waliijua. Ndani ya chumba anaingia mtoto na mama aliyemzaa. Shangazi, wifi, bibi na wengineo, benchi liko nje.

Sheria ile haikutoka vitabuni. Alipoolewa alikuwa binti mdogo, na siku aliyojifungua mtoto wake wa kwanza mamamkwe wake alimpokea mtoto mikononi akamwambia, "Wewe pumzika." Neno zuri, tena la huruma, lakini alipumzishwa mpaka akawa mgeni kwa mwanawe. Bibi aliogesha, bibi alikanda, bibi alipaka mafuta. Yeye aliitwa wakati wa kunyonyesha tu, kisha mtoto akaondolewa. Hakujibu neno. Aliolewa kwa watu wenye heshima zao, na kwao pia alilelewa asiinue sauti mbele ya mkubwa. Lakini moyo una kabati lake, na yeye aliyafungia humo. Alipopewa chumba chenye mlango na ufunguo, aliapa kwamba humo mama atakuwa mama.

Akina mama vijana walimpenda kwa hilo. Mabibi walimsema korido nzima, naye aliwasikia, akaendelea kukoroga maji yake.

Ndipo akaletwa mjukuu wa watu.

Walikuja asubuhi, wanawake wawili. Mbele alitangulia bibi mjane, mrefu, kitambaa cheupe kichwani kimepigwa pasi kikanyooka, akiwa amemfunika mtoto shuka hata pua ikawa ya kubahatisha. Nyuma alifuata mkamwana wake akiwa na kikapu, akikanyaga polepole kama mtu ambaye uzazi bado haujamtoka mwilini. Marehemu mume wa bibi huyo alikuwa mtu wa kuheshimiwa mtaani kwao, na mjane wake aliyatunza macho ya watu kama wengine wanavyotunza vyombo vya udongo. Nyumba ile haikuwahi kusikika ikigombana. Na sasa mjukuu wa kwanza, mtoto wa kiume, amezaliwa na mguu wa kushoto umekunjika, unyayo ukiutazama mwenziwe.

"Mama wa mtoto ni yupi?" Mama Plasta aliuliza mlangoni.

"Mama yake ni huyu," bibi alisema. "Mtoto ni wetu sote."

"Basi mama yake aingie. Wewe mama yangu utusubiri hapo kwenye benchi. Hatutachelewa."

Bibi alilitazama benchi. Akatoa leso, akalifuta, akaketi mgongo umenyooka kama anayepigwa picha. Kila aliyeelekea kwenye chanjo alipita mbele yake, na wapita njia wana ndimi.

"Shikamoo mama. Kulikoni? Umemleta nani?"

"Marahaba. Nimemsindikiza mtu."

"Chumba hicho si cha viwete?"

"Ni cha plasta," bibi alisema, akageukia ukuta.

Ndani mambo yalikwenda vizuri. Mguu ulikuwa laini, mtoto akanyonya huku akifungwa, na mkamwana aliitikia kila alichoambiwa. Plasta isiingie maji. Mtoto asitiwe kwenye beseni. Apanguswe kwa kitambaa chenye unyevu. Mafuta yasipakwe miguuni, kwa sababu pamba ikishika mafuta plasta inateleza. "Ndiyo, dada. Ndiyo, dada." Mama Plasta alifurahi. Alimwona kama yeye mwenyewe enzi zile, ila huyu amepata mlango wa kumfungia mamamkwe nje.

Wiki iliyofuata plasta ilirudi, kwa nje nzuri, lakini ilipofunguliwa mguu ulikuwa umerudi ndani kama haujawahi kuguswa.

"Uliimwagia maji?"

"Mimi? Hapana, dada."

"Uliilegeza?"

"Sijaigusa."

Alikuwa anasema kweli, na Mama Plasta, aliyezoea kunusa uongo wa wazazi hata kabla hawajaketi, aliona ni kweli. Akafunga tena, akakaza kidogo. Mambo yakawa yale yale. Akafunga kwa mara nyingine, mguu ukarudi vile vile.

Siku hiyo daktari wa mifupa alikuwa amekuja. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache hayakuwa na sukari. Aliubonyeza mguu, akauinua.

"Hapa hakuna kilichofanyika. Mguu wa namna hii ulitakiwa uwe umekwisha kugeuka." Akamtazama mkamwana. "Plasta ya leo ikirudi hivi, tutasimamisha. Tutangoja akue, apelekwe hospitali kubwa akapasuliwe. Ni kisu kikubwa, na mguu uliopasuliwa hivyo mara nyingi unabaki mgumu. Atatembea, lakini atatembea akiujua mguu wake maisha yote."

Daktari alipotoka, mkamwana alifuta macho kwa kona ya nguo ya mtoto. Mume wake alifanya kazi mbali, na jana yake tu alikuwa amepiga simu. "Ameniambia kama hazisaidii, tumwache mtoto apumzike. Hii ndiyo ya mwisho, dada. Hataki tena kusikia habari za plasta."

Mama Plasta aliiokota ile plasta aliyokuwa ameitupa kwenye ndoo, akaigeuza mikononi. Yeye, tangu alipojifunza kazi, alifunga kutoka vidoleni kwenda juu, akivuta kuelekea nje, maana ndiko mguu unakotakiwa uende. Hii ilianzia pajani ikashuka vidoleni, na ilivutwa kuelekea ndani. Kinyume kabisa. Na ilifungwa kwa ustadi! Kila mzunguko ulilala juu ya nusu ya mwenziwe, hakuna mkunjo, na mwisho wa bandeji umechomekwa ukafichwa kwa chini. Palipopasuka pameshikizwa kitambaa chembamba cheupe, kikapakwa ute wa unga wa ngano mpaka ukashindwa kujua kipi ni kipi. Plasta ilikuwa imeloweshwa, ikafunguliwa duru kwa duru, ikaanikwa, na siku ya kliniki ikaviringishwa tena mguuni.

"Hii haikufungwa na mimi," alisema.

Mkamwana aliinamisha uso.

"Wala si wewe."

"Si mimi, dada."

"Basi ni nani?"

"Nikisema nitakuwa nimemsema mtu mzima."

"Sitaki umseme. Nauliza mikono tu, hii mikono ni ya nani?"

Mtoto akapiga chafya. "Mama ndiye anayemwogesha," mkamwana alisema hatimaye.

Damu ilimpanda Mama Plasta mpaka masikioni. Tazama basi! Mamamkwe! Aliona kabati lile la moyoni likifunguka lote, akashika kitasa cha mlango akatoke kumpa yule bibi vipande vyake, tena mbele ya korido, wanaopita wasikie. Lakini mkamwana alimshika mkono.

"Dada, tafadhali usimgombeze. Nilipojifungua niliumwa, hata kugeuka sikuweza. Yeye ndiye aliyeninywesha uji kwa kijiko. Mtoto akilia, yeye ndiye anayembeba. Hata mama yangu mzazi asingenifanyia vile."

"Kwa hiyo hukumwambia nilivyokuagiza?"

"Nimwambieje? Mtu amelea watoto tangu sijazaliwa, nimwambie asimwogeshe mjukuu wake kwa sababu mimi nimesema? Ningeanzaje?"

Mama Plasta aliachia kitasa. Hasira haikuwa imeisha, lakini ilikuwa imepoteza njia. Alikuwa amejenga chumba kizima kwa ajili ya binti anayeonewa, na binti huyu hakuonewa. Alipendwa. Kwa majuma yote hayo maagizo yalitolewa kwa mtu asiyeweza kuyatamka nyumbani, na mwenye mikono akawekwa nje afute benchi kwa leso.

Alinawa, akatoka, akasimama mbele ya bibi.

"Mama, naomba uingie ndani."

Bibi hakugeuka. "Mimi? Si uliniambia benchi?"

"Nilikuambia. Nilikosea."

"Ngoja basi nimalize kukaa."

Akakaa. Mwanamke mmoja mwenye pacha akapita, akasalimu, akaitikiwa kwa taratibu zote. Mama Plasta alibaki amesimama na mikono yake yenye maji, na wale wa chumba cha chanjo wakachungulia mlangoni mmoja juu ya mwingine. Bibi aliporidhika kwamba amekwisha kukaa, aliikunja leso, akainuka, akaingia. Mama Plasta akaufunga mlango nyuma yao, kwa maana mambo ya nyumba ya watu hayaanikwi koridoni.

Plasta ilikuwa juu ya kitanda. Bibi aliiona. Hakujitetea, wala hakubabaika.

"Umeijua," alisema.

"Nimeijua kwa uzuri wake. Mimi sifungi vizuri hivi."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Sema unalotaka kusema."

"Nataka kujua kwa nini, mama."

Bibi alimchukua mjukuu kutoka kwa mkamwana, akamlaza begani. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayepima kila neno kabla ya kulitoa. Mtoto mchanga asipokandwa analegea. Hilo hakuambiwa na mtu, amelea na ameona. Wote waliopita mikononi mwake walisimama kabla ya wenzao. Na pale kwao, wanawake wa mtaani huja asubuhi kumtazama mtoto akiogeshwa. Leo wakute jiwe limefungwa mguuni mwa mjukuu wa marehemu, watasema nini? Watasema nyumba ile ina lake jambo. Ana mabinti wawili hawajaolewa. "Basi nikalivua. Wakija wanamkuta mtoto kama watoto wengine, nimemfunika miguu kwa taulo. Siku ya kuja huku namvisha tena. Nilifikiri hicho kitu kinafanya kazi hata kikivaliwa siku moja moja, kama miwani." Akamhamishia mtoto bega la pili. "Ningeuliza, lakini benchi halijibu."

Mama Plasta alimeza maneno hayo, yakashuka taratibu. Kisha alimweleza yote aliyokuwa amemweleza mkamwana, na mengine ambayo hakuwa amemweleza, kuhusu mifupa ya mtoto na siku zake chache za ulaini, kuhusu kisu kikubwa alichokitaja daktari. Bibi alisikiliza akimpigapiga mtoto mgongoni.

"Unataka kuniambia mguu huu mimi ndiye niliyeurudisha ndani."

"Tumeurudisha wote wawili, mama. Mimi sikukuambia."

"Mh." Bibi alimtazama kwa mara ya kwanza. "Mguu kama huu, mtu akiuliza umetoka upande gani wa ukoo, unasemaje?"

"Nasema haukutoka upande wowote. Wengine huzaliwa hivi, kwa matajiri na kwa maskini, na hakuna aliyekosea. Tena nitamwambia huyo anayeuliza aje aniulize mimi."

"Hutamwambia neno. Ya kwangu nitayasema mwenyewe."

"Sawa, mama."

Ndipo wakaanza kupatana, na waliokuwa chumba cha chanjo wangedhani wanauziana mbuzi. Bibi alitaka kumkanda mtoto kila siku. Mama Plasta alikubali mgongo, mikono, kifua, mguu mzima wa kulia. Wa kushoto hapana. Bibi alitaka beseni. Mama Plasta alikataa beseni la nyumbani, akatoa la kliniki: siku ya kubadilisha, bibi mwenyewe ataloweka plasta hapa, ataifungua, ataogesha, ataukanda mguu kwa mafuta yake mpaka aridhike. "Halafu unauosha kwa sabuni, mafuta yaishe kabisa, unaukausha. Hapo ndipo nafunga."

"Na mlango?"

"Unafungwa. Tena mtapita huku nyuma, upande wa stoo ya mashuka. Hakuna atakayewaona."

"Na huyu?" Bibi alimwonyesha mkamwana kwa kidevu.

"Huyu ni mama yake. Atakaa hapa kichwani amnyonyeshe."

"Nilikuwa nauliza kama atapata kiti," bibi alisema. "Hajapona sawasawa, na ninyi mnamsimamisha."

Kiti kilitafutwa upesi.

Maji ya vuguvugu yakaletwa. Mama Plasta, ambaye kwa miaka hakumruhusu bibi yeyote kuvuka kizingiti, alisimama kando akaona jinsi ile mikono ya uzee inavyojua kazi: kiganja chini ya shingo, kidole gumba kikitembea kando ya uti wa mgongo, mtoto akijinyoosha kama paka. Mguu ulipokwisha kukaushwa, alimwita bibi karibu, akamwekea vidole mahali panapotakiwa, kimoja kwenye kifundo, kingine chini ya kidole gumba cha mtoto.

"Shika hapo, mama. Usisukume. Mwache aende mwenyewe, ukifika anapokataa unasimama."

"Samaki mkunje angali mbichi," bibi alinong'ona.

"Huyu tunamkunjua."

Bibi alitaka kucheka akajizuia. Bandeji ilizama majini, mapovu yakatoka, ikakamuliwa, ikaanza kupanda kutoka vidoleni. Kabla haijakauka bibi alishtuka kidogo.

"Inapata moto!"

"Ndivyo inavyoshika. Haimuunguzi."

"Kumbe ina uhai wake," bibi alisema, na hakuiachia mpaka ilipogongwa kwa ukucha ikalia ko-ko kama mlango.

Jioni hiyo, Mama Plasta alimsimulia mume wake wakiwa mezani. Mume wake hakuwa mtu wa kupoteza nafasi.

"Kwa hiyo umempa mama wa watu kazi. Mama yangu mimi ulikuwa ukimpa nini?"

"Mama yako hakuacha kazi ya kumpa mtu."

Wakacheka wote wawili, naye akamwongezea mchuzi. Lakini usingizi ulimpaa. Makubaliano ya kliniki ni ya kliniki. Nyumbani kuna majirani, kuna taulo, kuna beseni. Plasta hii ikirudi laini, daktari ameshasema, na baba wa mtoto ameshasema. Wiki ile kila aliyegonga mlango alimfanya ageuke.

Siku ya siku walipitia upande wa stoo. Mtoto hakuwa amefunikwa uso. Mama Plasta hakusalimu hata. Aliinama akaigonga plasta. Ko-ko. Ilikuwa chafu, imetapikiwa maziwa, imeshika vumbi la mkeka, na mizunguko yake yote ilipanda juu kuelekea nje, kama alivyoifunga.

"Majirani?" aliuliza.

"Walikuja," bibi alisema. "Nikawaambia mjukuu wangu ananyooshwa mguu, na anayetaka kuutazama vizuri aje siku atakayokimbia. Kuna mmoja akauliza ni ugonjwa wa nyumba gani. Nikamwambia wa nyumba zinazowahi kwa daktari. Akakunywa chai yake akaenda."

"Na baba yake mtoto?"

Mkamwana alizuia kicheko kwa kiganja. Bibi alijibu mwenyewe. "Nilimpigia. Nikamwambia, wewe ulichelewa kutembea mpaka watu wakaanza kuninong'ona. Nilikuacha upumzike? Akasema, 'Endeleeni, mama.'"

Wakaendelea. Wiki kwa wiki unyayo uligeuka, kwanza ukatazama kitandani, kisha ukatazama mbele, kisha ukaanza kutazama nje kidogo, kama unavyotakiwa. Mama Plasta aliongeza kiti kingine chumbani, na wakija wengine swali lake mlangoni lilibadilika, aliuliza, "Nyumbani mtoto anaogeshwa na nani?" na huyo naye akaingia, awe bibi, awe shangazi, hata safari moja babu aliyekuja na sabuni yake mfukoni.

Daktari wa mifupa aliporudi aliushika mguu kwa muda, akauinua juu, akaushusha. "Kisu kikubwa hakipo tena," alisema. "Umebaki mshipa wa kisigino, ni mfupi kidogo. Tunaukata kwa ncha ya kisu kidogo, hapa hapa, dawa ya ganzi kwanza. Halafu plasta ya mwisho, kisha viatu vyake vya kulalia, mguu usirudi ndani. Lakini lazima mtoto ashikwe asitikisike. Nani atamshika?"

Kwa mazoea wote walimtazama bibi, naye alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya gauni. Lakini sauti ilitoka upande wa pili wa kitanda, ndogo, na haikutetemeka.

"Nitamshika mimi, mama."

Bibi alimtazama mkamwana wake. Mama Plasta aliinamia ndoo, maana kuna mambo hayafai kukodolewa macho. Alisikia tu gauni likisogea, na hatua za mtu anayempisha mwenziwe.

"Haya, njoo upande huu wenye mwanga," bibi alisema. "Legeza mabega. Mshike hapa juu ya goti, na huku kifuani, usimkabe. Mtazame usoni, asione unaogopa. Umemwona? Amekutambua."

Daktari akavaa glavu. Mama Plasta akaitumbukiza bandeji majini, akangoja mapovu yaishe.